Kaske ya baba mdogo: kwa nini walikurudisha getini

SWALI: Papa, nakusalimu kutoka Katuba, Lubumbashi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwezi uliopita nilipata kazi kwa kampuni ndogo inayofanya matengenezo ndani ya kiwanda cha shaba. Nilikwenda na kaske, yaani kofia ngumu ya kazini, niliyoachiwa na baba mdogo aliyefanya kazi mgodini. Haijawahi kuangukiwa na kitu, haijapasuka, na aliitunza: siku za mapumziko aliianika juu ya bati ili jasho likauke. Ilikuwa ya samawati iliyofifia, nikaipaka rangi nyeupe ya kupuliza. Mkanda mmoja wa ndani ulikatika, nikaufunga kwa kamba ya nailoni. Chini ya ukingo wa mbele kuna herufi HDPE na duara lenye namba 16 katikati na mshale unaoelekea 8. Mlinzi wa usalama aliigeuza, akaitazama kidogo, akanirudisha nyumbani. Siku ikapotea. Plastiki haiozi, ndiyo maana mitaro yetu imejaa chupa. Je, hii habari ya kubadilisha kaske kila miaka michache si njia ya wauzaji kula pesa zetu? Na kama kweli siwezi kuivaa, naweza kumpa mdogo wangu anayechimba? Yeye hushuka shimoni kichwa wazi.

JIBU: Mwanangu, mlinzi aliyekurudisha alifanya kazi yake sawasawa. Siku bila malipo inauma, hasa kwa kijana ambaye ndiyo kwanza amepata kazi, na ningependa angesimama nawe dakika tano akueleze alichokiona. Kwa kuwa hakufanya hivyo, nitafanya mimi, maana swali lako la plastiki na kuoza ni la haki na wakubwa wengi wa shantie, yaani mahali pa kazi, hawalijibu. Wanasema "ni sheria," basi, mazungumzo yameisha.

Tuanze na lile duara. Ni tarehe ya kuzaliwa ya ganda. Namba ya katikati ni mwaka, mshale unaonyesha mwezi: kaske yako ilitoka kiwandani Agosti 2016. HDPE ni jina la plastiki yenyewe, polietilini ya msongamano mkubwa. Mlinzi alipoigeuza aliisoma tarehe, akaona kamba yako ya nailoni, akaona rangi. Katika hayo matatu, lolote moja lingetosha kukurudisha.

Sasa angalia kaske inafanya nini siku ya pigo. Ganda la nje huzuia kitu kisipenye, na hulitandaza pigo ili lisikae sehemu moja ya fuvu. Mikanda ya ndani hunyooka kidogo na kuila nguvu inayobaki, katika nafasi ya sentimita 3 hivi iliyoachwa kati ya ganda na utosi. Ganda libonyee, mikanda inyooke: hapo ndipo kinga yote ilipo, na vyote viwili vinahitaji kitu ambacho bado kinaweza kupinda. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 397 hupima jambo hilo kwa kuangusha chuma cha kilo 5 kutoka mita 1 juu ya kaske iliyovishwa kichwa cha majaribio. Nguvu inayokifikia kichwa hicho haitakiwi kuzidi kilonyutoni 5, yaani kama uzito wa kilo 500 kwa kitambo kifupi sana. Nishati ya pigo lile ni jouli 49. Ukiipeleka kazini kwako, ni nyundo ya kilo 1 iliyomponyoka mwenzako aliye mita 5 juu yako. Inakufikia na mwendo wa kilomita 35 hivi kwa saa.

Hiyo ndiyo ahadi ya kaske ikiwa mpya. Kiwango hakidai akiba kubwa juu ya hapo, kwa hiyo kila inachopoteza kwa umri kinatoka kwenye kile kidogo kilichosimama kati ya nyundo na kichwa chako.

Plastiki haiozi, hapo tunakubaliana. Vijidudu haviwezi kuila, ndiyo maana chupa zinajaa mitaroni. Lakini kutooza ni jambo moja na kubaki imara ni jambo lingine. Angalia bidoni za njano ambazo mama zetu huchotea maji. Kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki ileile ya kaske yako. Inayokaa ndani ya nyumba hudumu miaka. Iliyosahaulika uani hupauka, ukipitisha kidole unabaki na unga, na siku moja unaishika mpini wake inapasukia mkononi bila kupigwa na chochote. Haikuoza. Imekauka ikawa kitu cha kuvunjika.

Kinachotokea ni hiki. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana, na urefu huo ndio unaoiwezesha kupinda bila kukatika. Ndani ya mwanga wa jua kuna miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu ya kutosha kuikata minyororo hiyo. Panapokatika, oksijeni ya hewani hudandia na kuanzisha mikato mingine, na joto huharakisha kazi hiyo. Mwaka baada ya mwaka minyororo inafupika. Ganda linabaki na umbo lilelile na uzito uleule, ila pigo ambalo zamani lingelibonyeza sasa linalivunja. Watengenezaji wanalijua jambo hili, kwa hiyo huchanganya dawa za kuzuia jua ndani ya plastiki tangu inapoyeyushwa. Dawa hizo hutumika na kwisha. Zikiisha, uharibifu hupata mbio, na ndiyo sababu kaske inayoonekana nzima mwaka huu inaweza kuwa mbovu mwaka kesho bila tukio lolote katikati. Hata EN 397 imeliweka jua ndani ya mtihani: kabla ya kupigwa, baadhi ya kaske hukaa saa 400 chini ya taa ya xenoni ya wati 450.

Na jua la huku kwetu ni kali kuliko tunavyolihesabu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda huongeza miale hiyo kwa asilimia 10 hivi. Mara mbili kwa mwaka, karibu na mwisho wa Oktoba na tena katikati ya Februari, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Halafu kuanzia Mei hadi Septemba mvua hakuna, na mara nyingi anga halina wingu. Baridi ya asubuhi za Juni huwadanganya wengi; hewa imepoa, miale inafika vilevile. Baba mdogo aliianika kaske juu ya bati kwa nia njema kabisa, ila siku zile za mapumziko kaske ilikuwa ikizeeka kuliko siku za kazi, maana bati nalo huirudishia mwanga na joto kutoka chini. Jasho hukauka vizuri kivulini. Kosa hilohilo hufanywa na madereva wanaoacha kaske mbele ya gari chini ya kioo. Kioo hupunguza sehemu ya miale, lakini joto la pale hupita nyuzi 70 jua likichoma.

Kwa fundi wa kuchomelea kuna jambo la ziada ambalo hulisikii likisemwa. Moto wa umeme wa kuchomelea hutoa urujuanimno mwingi, pamoja na ile aina kali zaidi ambayo ya jua huzuiwa na tabaka la juu la hewa isitufikie. Unajua unavyochubua shingo ya mtu asiyejifunika. Basi huchubua plastiki pia, hasa ukingo wa mbele na pande ambazo barakoa haizifuniki, na cheche za kuchomelea na za mashine ya kusagia huacha vishimo vidogo vilivyoungua. Kila kishimo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kaske yako mpya, hata ukiitunza vipi, itazeeka kabla ya ile ya karani wa stoo aliyeipata siku moja na wewe. Hesabu yenu isiwe moja.

Kuhusu rangi, nakuelewa: ulitaka kwenda kazini ukiwa nadhifu. Lakini rangi ya kupuliza huja na viyeyusho, na viyeyusho ni adui wa plastiki. HDPE yako inavivumilia kiasi. Kaske za ABS au polikaboneti, plastiki za aina nyingine ambazo zimejaa mjini, haziwi hivyo: kiyeyusho hupenya kwenye plastiki iliyo na mkazo na kuifanya itoe nyufa nyembamba kama nywele bila kupigwa. Petroli, asetoni, tina ya rangi, gundi za stika zisizojulikana na hata dawa za kupaka dhidi ya mbu zenye DEET zinaweza kufanya hivyo. Wanaofanya kazi kwenye sehemu ya kiwanda ambako shaba hutenganishwa kwa viyeyusho vya jamii ya mafuta ya taa wawe macho zaidi. Na hata pale ambapo rangi haikudhuru kitu, imefunika ushahidi. Kupauka, unga, weupe wa pigo, ufa, vyote ndivyo macho ya mlinzi yanavyovitafuta, na wewe umevitia chini ya koti jeupe. Kwa mtu wa usalama kaske iliyopakwa rangi nyumbani ni kaske isiyoweza kukaguliwa, na akishafika hapo hana njia nyingine. Osha kaske kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, futa kwa kitambaa. Hakuna kingine.

Sasa nifike kwenye mikanda ya ndani, na hapa nataka unisikilize kuliko kote, kwa sababu watu wote hutazama ganda na hakuna anayegeuza kaske isipokuwa mlinzi wa getini.

Mikanda ndiyo inayobeba kichwa chako saa nane kwa siku. Hunywa jasho, chumvi, mafuta ya nywele na vumbi jekundu. Vumbi likiingia kati ya nyuzi za kitambaa huzisaga kidogokidogo kila unapoivaa na kuivua. Vile vilimi vya plastiki vinavyochomekwa kwenye matundu ya ganda hupinda, huchoka na huanza kupasuka kwenye kona. Kifundo cha kukazia nyuma hupoteza meno. Mikanda iliyochoka haiwezi tena kunyooka kwa kipimo. Itakatika mapema, na ganda litagonga utosi moja kwa moja. Hapo kaske imekuwa sufuria tu.

Katika viwanda vya shaba na kobalti vya huku Katanga kuna adui mwingine: asidi ya salfuriki. Kwenye ukumbi wa elektrolisisi, ambako shaba hujikusanya kwenye vyuma ndani ya mabeseni, ukungu wa asidi huelea hewani. Polietilini inaistahimili asidi hiyo vizuri sana. Nailoni haiwezi; asidi hukata minyororo yake, na pamba ya kitambaa cha jasho huliwa mapema zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ganda zuri linalong'aa na chini yake mikanda ambayo ukiivuta kwa vidole inaachia. Ukipangiwa kazi sehemu ile, vuta mikanda kwa mkono kila wiki, usingoje mwisho wa mwezi. Na ile kamba yako ya nailoni, licha ya asidi, ina ubaya mwingine. Mikanda ya kiwandani imepimwa ili ijinyooshe kiasi fulani na kuigawa nguvu sawa pande nne au sita. Kamba ya kufunga haijinyooshi kwa kipimo hicho, na fundo lake limekaa mahali pamoja juu ya fuvu lako. Pigo likija, fundo ndilo litakalolipokea na kulileta ndani. Kuanzia leo usirekebishe mkanda kwa kamba, waya wala riveti. Mikanda huuzwa peke yake, lakini iwe ya mtengenezaji yuleyule na ya aina ileile ya kaske. Ya kampuni nyingine inaweza kuingia kwenye matundu na bado ikaacha nafasi isiyotosha.

Nafasi ile ya sentimita 3 pia ni sehemu ya kaske. Nimeona watu wakiweka humo sigara, noti, simu, kofia ya sufu wakati wa baridi ya Julai. Ukiijaza, umeondoa mahali ambapo mikanda inanyookea.

Umesema haijawahi kuangukiwa na kitu. Unachojua ni kwamba wewe hukuona, na baba mdogo hakumbuki. Kaske iliyoanguka toka kwenye jukwaa la vyuma ikagonga saruji, kaske iliyokaliwa ndani ya gari, kaske iliyobanwa chini ya mzigo, zote zimepigwa. Ganda hurudi umbo lake na huonekana zima, huku ndani kuna mikato ambayo jicho haliioni. Kanuni ya watengenezaji ni moja: ikipata pigo la nguvu, hata kama haina alama, inatoka kazini. Imekwisha kutoa ilichokuwa nacho. Kwa sababu hiyo sipendi kaske za mtumba zinazotandazwa sokoni Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, na kwingineko, hata zikiwa na jina kubwa. Anayeuza hajui historia yake, na wewe huwezi kuisoma usoni mwake.

Basi, je, miaka ile ni ujanja wa wauzaji? Nitakujibu kwa uaminifu. EN 397 haitaji miaka ambayo kaske lazima itupwe, inamtaka mtengenezaji aeleze mwenyewe. Marekani nako, idara ya usalama kazini haikuweka tarehe ya mwisho kwa kila kaske. Wengi wa watengenezaji husema mikanda ibadilishwe kila miezi 12, na ganda kati ya miaka 2 na 5 tangu lilipoanza kuvaliwa, pungufu ya hapo kwenye jua kali, joto au kemikali. Ni makadirio yenye tahadhari. Kaske haifi usiku wa siku ya kuzaliwa kwake. Lakini fikiria mtu wa usalama mwenye wafanyakazi mamia getini asubuhi. Hawezi kupima minyororo ya molekuli kwa kutazama, na njia pekee ya kujua kwa hakika kama ganda bado lina nguvu ni kuliangushia chuma cha kilo 5, ambapo kaske hiyo itakuwa imeharibika. Tarehe ndiyo kitu pekee anachoweza kukisoma bila kuivunja. Muuzaji anafaidika, sikatai. Hilo haliifanyi tarehe kuwa uongo, na kwa jua la huku mimi ningekaa upande wa miaka michache: miaka 3 kwa mtu wa nje, 2 kwa fundi wa moto kama wewe.

Kuna wazee watakaokuambia kwamba zamani kaske zilidumu tangu mtu anaajiriwa hadi anastaafu. Nimeisikia sana kwa wastaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na watoto wao. Kaske za zamani hazikuwa za plastiki hii. Ile iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Bullard huko San Francisco mwaka 1919 ilikuwa ya turubai lililopikwa kwa mvuke, kutiwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Mwaka 1938 ikaja ya alumini, nyepesi na ngumu, lakini inayopitisha umeme hadi kichwani. Plastiki ilishinda kwa sababu ni nyepesi, haipitishi umeme na ni rahisi kuitengeneza. Kuchomwa na jua ndiyo bei yake.

Kati ya tarehe na tarehe, ikague mwenyewe kabla ya kazi. Itazame kwenye mwanga: imepauka, ina unga, ina mistari ya weupe, ina mikwaruzo mirefu? Pitisha kucha kuzunguka matundu ya mikanda na ukingo, maana nyufa huanzia huko. Kama ni ya HDPE, ishike pande zote mbili kwa viganja na uibane iingie kidogo, kama sentimita 2 hivi, kisha iachie. Inatakiwa irudi haraka na kimya. Ikilia, ikichelewa kurudi au ikionyesha mstari mweupe, haifai. Usifanye hivyo kwa ganda gumu la nyuzi za kioo, halikuundwa libinywe. Na ujue kipimo hiki kinaweza kuikataa kaske mbovu tu. Hakiwezi kukuthibitishia kuwa nyingine ni nzima. Kuigonga kwa nyundo kuona kama itavumilia, kama wafanyavyo vijana, ni kuiharibu kabla ya siku yake.

Ya kwako, kwa maelezo uliyonipa, imekwisha pande zote: umri, bati, rangi, kamba. Usitafute mikanda mipya ya kuitia.

Nani alipe? Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 imempa mwajiri mzigo wa usalama na afya ya mfanyakazi kazini, na kampuni ndogo inayofanya kazi ndani ya uzio wa kampuni kubwa ni mwajiri kama wengine. Mwendee mkubwa wako kwa heshima, bila ugomvi, umwambie getini wamekataa kaske na unaomba akupatie ya kazi. Mwambie pia kwamba kila fundi anayerudishwa ni siku ya kazi inayopotea kwake. Wengi huelewa hapo. Ukilazimika kununua mwenyewe wakati unasubiri, usianze na rangi. Igeuze, usome chini ya ukingo: jina la mtengenezaji, namba ya kiwango kama EN 397, tarehe, ukubwa wa kichwa, aina ya plastiki. Isiyo na maandishi hayo usiichukue hata ikiwa na mfuko wake wa nailoni. Na kaske mpya iliyokaa mwaka mzima ikining'inia juani mbele ya duka imeshaanza kutumika. Omba ya ndani ya boksi.

Nimebakiza mdogo wako, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu.

Usimpe hiyo kaske. Najua unachofikiri: mbovu ni afadhali kuliko kichwa wazi. Kwa kokoto ya kuteleza kutoka juu ya kichwa chake tu, labda. Lakini fikiria shimo. Kanuni za uchimbaji mdogo nchini kwetu haziruhusu kupita mita 30 kwenda chini. Jiwe la nusu kilo, lenye ukubwa wa ngumi ndogo, likidondoka kutoka mdomo wa shimo la mita 30, linafika chini na mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa na jouli karibu 147. Hiyo ni mara tatu ya mtihani ambao kaske mpya hupita. Ganda lililokauka litapasuka vipande, na kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kijana aliyevaa kaske husimama pale ambapo asiye na kaske hukwepa. Tungempa ujasiri bila kumpa kinga.

Kama unaweza kuweka akiba ya kumnunulia kitu kimoja mwaka huu, mnunulie kaske mpya yenye mkanda wa kidevu, kwa sababu anashuka na kupanda akiinama, na kaske isiyofungwa huwa ya kwanza kuanguka. Mkanda huo asiufunge kwa kamba yake mwenyewe: wa EN 397 umeundwa uachie ukivutwa kwa nguvu ya nyutoni 150 hadi 250, ili usimnyonge akinaswa. Halafu mzungumze mambo ambayo kaske haiyawezi. Mawe na ndoo viondolewe mdomoni mwa shimo, angalau hatua mbili tatu nyuma. Mtu asisimame chini wakati mfuko unapandishwa. Mvua za Novemba zikianza kulainisha udongo, asishuke. Ukuta ukiporomoka, hakuna kaske ya kampuni yoyote duniani inayomwokoa mtu, na hilo umwambie wewe, kaka yake, kwa sababu wewe atakusikia.

Ya baba mdogo ikate mikanda yote, kisha ulipasue ganda kwa msumeno vipande viwili kabla ya kulitupa. Ikitupwa nzima, mtu ataiokota, ataipaka rangi kama ulivyofanya wewe, na itauzwa kwa kijana mwingine. Ukishapata mpya, niandikie maneno na namba zote zilizo chini ya ukingo, pamoja na sehemu ya kiwanda waliyokupangia. Nitakuambia kama plastiki hiyo na mikanda yake vinafaa kwa hewa ya huko.